Ondoa Neno "Mpole"

Tarehe 11 Februari

Shemeji,

Salamu. Mimi mzima. Mgongo ni ule ule. Natumaini na wewe mzima, na mumeo, na watoto, na miguu ya mama mkwe imepungua kuvimba. Mwambie mkwe wake anamsalimu.

Kifurushi chako kimefika. Posta walikichana pembeni, labda walidhani ni nguo. Wakakuta karatasi, wakakiacha.

Sikujua unaandika kitabu. Nilijua unafundisha. Sasa nakuta kurasa mia mbili na kitu juu ya dada yako, mke wangu, na mimi mwenyewe nimo. Ila umenifanya seremala. Kwa nini seremala? Mimi naingia kwenye mapipa ya kiwanda cha sabuni nakwangua. Andika hivyo. Hakuna aibu.

Umesema nisome, niseme ukweli, kwa sababu mhariri anataka mswada mwisho wa Julai. Mimi shule niliishia la tano, unajua. Nasoma kwa kidole. Nimesoma sura tatu saa ya mapumziko, nimekaa juu ya katoni, na huyu mwenzangu tunayemwita Redio ananiuliza, "Wewe unasoma au unapapasa?" Kurasa mbili zilipeperushwa na upepo nyumbani, maana siku hizi sina mlango, nina pazia. Nimezipata kwa fundi cherehani, jirani. Alikuwa ameshaanza kuzisoma.

Nasema nilichoona. Maneno ya kubandika ni mengi. Hakuna mtu anayepita bila kubandikwa, kama sabuni na lebo. Umeandika: "Mwanamke yule mrembo, mwenye huzuni nzito, alitembea taratibu kuelekea mlango wa kijani." Huzuni uliipima kwa mizani gani? Na dada yako hakutembea taratibu hata siku moja. Alitembea kama ameacha maziwa jikoni. Mlango sawa. Ulikuwa wa kijani. Huo acha.

Na ondoa neno "mpole". Mume mpole. Sauti ya upole. Mikono yake mipole. Sura tatu tu, mara kumi na nne. Liondoe lote.

Ni hayo.

Shemeji yako

—

Tarehe 2 Machi

Shemeji yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kila akisema "sitaki", na anasema hivyo kutwa. Mume wangu anakusalimu. Mama miguu nafuu, macho ndiyo yameisha kabisa, kwa hiyo mchana baada ya chakula namsomea kitabu. Ukimwona utacheka. Kila nikifika kwenye "mume mpole" anapiga paja: "Ndiye huyo! Mkwe wangu huyo!" Sasa niambie nitaliondoaje neno hilo mbele ya yule bibi.

Nimecheka kuhusu mizani. Mhariri naye aliizungushia duara "huzuni nzito". Haya, hiyo nimeifuta. Lakini usiyaseme vibaya maneno yangu yote. Hayo unayoita ya kubandika yana majina yake, vivumishi na vielezi, na mimi huyafundisha darasa la sita wakiwa wanasinzia. Sikiliza. Nikiandika "alikunywa chai", hiyo ni taarifa. Nikiandika "alikunywa chai iliyopoa", basi kuna mtu alisubiri. Kuna kikombe kilikaa mezani bila kuguswa, kuna mwingine hakutokea. Na sijasema huzuni mahali popote. Neno moja likikaa mahali pake linabeba nyumba nzima. Likikosewa, linadanganya nyumba nzima.

Na "mpole" halidanganyi. Dada alipoanza kusahau, akawa hajui leo ni lini wala jiko liko wapi, nani alimwogesha? Nani alimchana nywele? Si mimi. Mimi nilikuwa huku. Nilifika siku mbili baada ya maziko, na mkoba wa nguo za kumpelekea. Neno hilo ndiyo shukrani yangu kwako. Nyingine sina.

Kwa hiyo nisaidie. Useremala nitautoa, ila nieleze kazi yako inavyokwenda. Na nieleze siku yake ya mwisho. Sura hiyo ndiyo bado. Kwenye simu ulisema "ameanguka ndani" na hujawahi kuongeza. Alivaa nini? Kulikuwa na jua? Na mlango wako umeenda wapi? Na mbona simu hupokei?

Naandikia stoo, kati ya magunia ya mkaa na baiskeli. Mlango haufunguki wote, naingia kwa ubavu. Mume wangu anasema nimeingia tena shimoni kama panya. Ni chumba pekee ambacho hakuna mtu anayeniita mwalimu wala mama.

Nakusubiri.

Shemeji yako wa huku

—

Tarehe 30 Machi

Shemeji,

Marahaba. Nafurahi mama miguu nafuu. Huyo wa mluzi mwambie meno yataota, aache kelele.

Simu sipendi. Kwenye simu mtu anakusikia ukinyamaza.

Mlango ulikuwa unakwama. Nimeung'oa. Uko nyuma ya nyumba umeegemea ukuta.

Kazi ni hivi. Pipa la kukorogea sabuni ni refu kama watu wawili. Ndani lina mapanga ya chuma yanayozunguka. Sabuni inaganda pembeni, mtu lazima aingie akwangue. Unashuka kwa ngazi, ngazi inatolewa maana inazuia. Unabaki na kipande cha chuma, taa ya kichwani na mlango wa juu ambao ni upana wa mabega. Redio ndiye anakaa juu. Siku akinyamaza ndiyo naogopa.

Kabla ya kushuka, kila mtu anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe. Ufunguo ni mmoja na unaingia nao ndani ya pipa, mfukoni. Fomeni hana wa akiba. Mwenye kiwanda hana. Anayekaa ndani ndiye anashika ufunguo. Hivyo hakuna mtu wa nje anayeweza kukuwashia mapanga, hata kwa bahati mbaya. Kufuli lenyewe halikatiki kwa msumeno. Mwaka juzi mmoja alisahau ufunguo kwake, pipa likakaa limefungwa mpaka akaufuate. Fomeni alimtukana, na nauli akajilipia mwenyewe. Lakini sheria ni sheria. Mimi nina miaka kumi na tisa humo na vidole vyote kumi.

Hilo la chai iliyopoa nimelifikiria humo pipani wiki nzima. Ni kweli. Kuna mtu alisubiri.

Siku ya mwisho nilishasema. Alianguka ndani. Gauni lilikuwa lile la maua ya bluu. Jua lilikuwepo. Andika hivyo.

Naona mengine umekubali, isipokuwa lile neno. Liondoe. Na mama usimsomee hizo sura.

Shemeji yako

—

Tarehe 19 Aprili

Shemeji,

Shikamoo. Wote wazima. Baiskeli ya pili imeingia stoo, sasa nikitaka kugeuza ukurasa natoa kiwiko dirishani.

Nimekasirika kidogo, na bora nikwambie. Nimekuomba siku moja ya dada yangu, umenipa gauni na jua. Wewe ni ukuta. Unanipa kufuli na mapanga ya kiwandani ukurasa mzima, halafu yeye mistari miwili. Nimechoka kubisha. Kwa hiyo nimeitunga mwenyewe. Nimeifanya nzuri, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumpa kitu. Hiki ndicho kipande chenyewe, nimekinakili:

"Asubuhi ile tulivu, mume mpole alimfunika mkewe shuka laini kwa mikono yake mipole. Akaurudisha polepole mlango wa kijani, akaenda kazini. Mwanamke akalala usingizi mtamu. Jua la dhahabu likapenya chini ya mlango wa kijani. Na humo ndani, kimya kimya, bila maumivu yoyote, akaondoka, kama mshumaa uliozimika wenyewe."

Nilimsomea mama. Ndiyo, nilimsomea, usinikemee. Alilia, lakini kilio cha kupumua. Akaniambia, "Rudia hapo pa kimya kimya." Nikarudia. Akasema, "Basi mwanangu hakuteseka." Usiku ule alilala bila kuita mtu. Siku hizi kila mchana anataka kipande hicho hicho, mengine hataki.

Ukitaka kukata, kata. Nakutumia ukurasa wenyewe na nafasi pembeni. Chukua kalamu, fanya utakavyo, rudisha kabla ya Julai. Usiponirudishia nitajua umekubali, na kitatoka hivyo hivyo.

Shemeji yako

—

Tarehe 27 Juni

Shemeji,

Salamu kwa wote.

Nimechelewa. Ukurasa nilikaa nao wiki tisa. Kazini nao, nyumbani nao. Una madoa ya sabuni, samahani.

Nimekata. Pale pa usingizi nimekata sentensi nzima. Hakulala. Pa kimya kimya nimekata, pa maumivu nimekata, mshumaa nimekata. Yule mpole nimemkata mpaka karatasi ikatoboka.

Kilichobaki ni hiki, kama mwandiko hausomeki:

"Asubuhi mume alimfunika mkewe shuka. Akaurudisha mlango, akaenda kazini. Jua likapenya chini ya mlango wa kijani uliofungwa kwa nje. Na humo ndani akaondoka."

Mahali pamoja nimeongeza. Maneno matatu. Ulisema neno likikaa mahali pake linabeba nyumba nzima. Mimi kusema siwezi, nimejaribu. Nimebandika.

Mama usimsomee.

Shemeji yako

—

Tarehe 5 Julai

Shemeji.

Nani alifunga? Na alikuwa macho?

—

Tarehe 16 Julai

Shemeji,

Mimi.

Alikuwa macho.

Hukusalimu, na mimi sisalimu.

Alikuwa akitoka. Mimi nikienda kazini yeye anatoka, anakwenda anakojua mwenyewe. Mara ya kwanza fundi cherehani alimrudisha. Mara ya pili alipatikana sokoni, anauliza njia ya shule mliyosoma. Mara ya tatu aliingia barabarani na lori likafunga breki hapa na yeye pale. Dereva alishuka akitetemeka kuliko yeye. Kumwachia mtu sikuwa na mtu. Kuacha kazi ningemlisha nini.

Nikapigilia pete mbili mlangoni kwa nje. Nikachukua kufuli langu la kiwandani; kazini nilisema limepotea, wakanipa jingine. Niliona ndilo bora. Kufuli hilo limenirudisha nyumbani mzima miaka yote hiyo. Nilijiambia, lilinilinda mimi, litamlinda na yeye. Dirisha lina nondo. Maji nilimwachia, chakula nilimwachia. Miezi minne tulikwenda hivyo. Nikirudi nafungua, ananiuliza, "Wewe nani?" Nasema fundi wa mlango. Anacheka. Ilikuwa mchezo wetu.

Siku ile nilikuwa ndani ya pipa. Fundi cherehani alimsikia akianguka, akakimbia mpaka getini, nusu saa ya mwendo. Getini wakamwambia asubiri. Redio alipopewa habari akagonga pipa kwa spana. Nikadhani ni chai. Nikamjibu nimalizie pembe hii. Alinigongea tena, hakusema neno. Redio. Ndipo nikajua.

Wanaume wa mtaani walijaribu nyundo, wakajaribu jiwe, wakajaribu msumeno. Nilikwambia halikatiki. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mimi nilikuwa pipani. Nilipofika nikafungua, nikasukuma. Ulikuwa unakwama. Niliandika kwamba mlango unakwama, sikudanganya. Ulikwama kwa sababu yeye alikuwa nyuma yake.

Presha, daktari alisema. Angefikishwa mapema labda. Alisema hilo "labda" akiangalia karatasi zake. Neno hilo nalo ni la kubandika? Mimi halijanibanduka.

Jambo la mwisho. Hili ndilo sikutaka uandike, na sasa umeuliza kama alikuwa macho. Fundi anasema alianza kugonga asubuhi, kwa kijiko. Kijiko ninacho, kimepinda. Alikuwa anaita. Hakuniita mimi. Alikuita wewe, kwa lile jina la utotoni. Alidhani mko wadogo na wewe ndiye umemfungia. Mwanzoni alikuwa anacheka. "Fungua wewe, mchezo umekwisha, nimeshindwa." Baadaye hakucheka.

Kazini ufunguo ni wa aliye ndani. Nimeijua sheria hiyo miaka kumi na tisa. Nyumbani niliushika mimi, na mimi nilikuwa nje.

Ufunguo uko ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwenye kitambaa. Siutaki. Kazini nina lile jingine. Andika unachotaka, niite utakavyo. Sitakata tena.

Shemeji yako

—

Tarehe 29 Septemba

Shemeji,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo meno yameota. Mluzi umekwisha, nyumba imekuwa kimya mno.

Julai ilipita. Mhariri aliandika mara mbili, halafu akaacha.

Nilikaa na barua yako stoo. Siku moja baiskeli ilianguka ikaziba mlango na sikuweza kutoka. Ilikuwa mchana, watu wako shuleni na kazini, mama kalala. Nilikaa humo labda saa moja. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilianza kugonga kwa kalamu. Nilipojisikia nagonga, niliacha, nikakaa chini juu ya gunia mpaka mume wangu aliporudi. Siandikii humo tena. Naandikia varandani, wananiita mama kila dakika mbili.

Mchezo ule tuliucheza kweli. Nilikuwa namfungia bandani. Alikuwa anagonga kwa kijiko. Lakini nilikuwa nafungua, shemeji. Akisema "nimeshindwa" nilikuwa nafungua.

Mama nimemwambia. Alinitaka nimsomee pale pa kimya kimya, nikashindwa kutamka. Nikamsomea ulivyouacha wewe. Akauliza, "Kwa nje, nani?" Nikamwambia. Siku tatu hakutaka nimsomee chochote. Siku ya nne akaniuliza kama una mtu wa kukukanda mgongo. Nikasema sijui. Akasema, "Basi uliza."

Nauliza.

"Mpole" nimeliondoa. Kote. Pale palipobaki wazi nilijaribu mengine. Niliandika "mkali", niliandika "mjinga". Niliandika na jingine ambalo sitaliandika hapa, nililiandika kwa nguvu mpaka meza ikapata alama. Kila nililobandika lilisimama siku mbili tatu, halafu linadondoka. Sasa imebaki "mume" tu. Mhariri atauliza mume gani. Sitamjibu.

Sijakusamehe. Neno hilo nalo sitalibandika kabla halijawa kweli.

Ufunguo nakurudishia. Umo kwenye kitambaa kile kile. Sheria ni yako, si yangu. Nimeusoma mswada wote upya, na barua zako zote. Mtu aliye ndani ni wewe.

Nakuja tarehe ishirini Oktoba, peke yangu. Nataka kukiona hicho kijiko, na fundi nimsikie kwa masikio yangu. Mpaka nifike, toa pazia. Rudisha mlango mahali pake, rangi ile ile. Nitabisha.

Utafungua.

Shemeji yako